Chai Isiyonuka Ndagala

Kama kuna mtu mmoja Bujumbura nzima ambaye hakustahili kupewa kesi ya chai, mtu huyo alikuwa Inspekta Hamimu. Alizaliwa Buyenzi, mtaa ambao mtoto huachishwa ziwa kwa chai ya tangawizi, lakini yeye alikuwa mtu wa Fanta. Fanta ya machungwa, ya baridi, hata saa moja ya asubuhi. Mama yake alishakata tamaa zamani, siku hizi alimwombea dua tu.

Tena kesi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Bonfils, na hapo ndipo ilipomuuma. Mwezi huo wa Aprili, mwaka 1999, ofisi ya upelelezi, PJ kama watu wanavyoiita, ilipata gari moja jipya, Toyota nyeupe yenye redio. Hamimu alikuwa na miaka tisa kazini, Bonfils minne. Gari likaenda kwa Bonfils. Hamimu alimpongeza kwa mkono wa kulia, na meno yote nje, kisha akaenda chooni akakaa huko robo saa.

Sasa Bonfils alikuwa amesimama koridoni, ufunguo wa gari ukizunguka kidoleni, anawahadithia makarani kwa mara ya tano.

"Dakika mbili! Niliingia, niliinama, niliona. Chini ya kitanda, kati ya magunia mawili ya ndagala. Kuna watu hapa wangetafuta mpaka Noeli."

Kilichoonekana kilikuwa mfuko wa kitambaa wenye kilo tano za chai nyeupe, machipukizi matupu, yaliyochumwa moja moja kwenye milima ya Mugamba. Mali ya Mzee Bader, mfanyabiashara wa chai wa Rohero. Mfuko ulipotea wiki tatu nyuma, siku chache kabla haujapelekwa mnadani Mombasa, sasa kwa kuwa vikwazo vya majirani viliondolewa na barabara zimefunguka. Safari ikaahirishwa. Aliyetakiwa kusafiri nao ni Gaspard, mwonjaji wa chai wa Bader, mtoto wa wachuma chai, mkazi wa Kinama. Jana Mzee Bader aliwaambia polisi kwamba amesikia uvumi sokoni: chai iko kwa Gaspard. Leo saa moja asubuhi Bonfils akainama. Saa mbili Gaspard akawa ndani ya kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi.

Saa tisa alasiri lori lingewapeleka mahabusu gereza kuu. Na katika miaka ile ya vita, mtu akishaingia kule, jaji angeweza kumsahau miaka miwili, mitatu, kama mwavuli uliosahauliwa kanisani.

Hamimu alipewa makombo ya kesi. "We utafanya PV, ile hati ya utambuzi," alisema mkuu wake bila kuinua macho. "Unapeleka mali kwa mwenyewe, anaiangalia, anaieleza, anatia sahihi. Kazi ya karani, haitakuchosha."

Alikwenda chumba cha vielelezo, akaketi, akaufungua mfuko. Alijiandaa kuziba pua. Ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, hata ukiwaweka chumba cha pili, wanakusalimia kwanza wao kabla ya mwenye nyumba. Lakini mfuko haukunuka ndagala. Alisogeza pua karibu zaidi. Apana. Ulinukia vizuri, tena vizuri mno, harufu nzito tamu iliyomkumbusha harusi ya shangazi yake.

Alisoma tena maandishi ya Bonfils. *Chini ya kitanda, kati ya magunia mawili ya ndagala.* Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Toyota ifike.

*

Gaspard alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Alisimama mara tu mlango wa kasho ulipofunguliwa.

"Shefu, umeifungua?"

"Nimeifungua."

"Halafu umeiacha wazi?" Alishika kichwa. "Ifunge, tafazali! Chai inakunywa harufu kuliko vile mutu anakunywa bia. Ukivuta sigara karibu, imekwisha. Ukimenya kitunguu, imekwisha. Mi nilitaka mifuko ya ndani karatasi ya fedha, ila sababu ya vikwazo hatukuipata, tukaweka mu kitambaa."

"Wewe uko kasho, unaogopea chai?"

"Mi nitatoka siku moja. Yenyewe haitarudi."

Hamimu alitoa kijidaftari. "Nyumbani kwako mnauza ndagala."

"Bibi yangu. Ndiyo maana sileti chai nyumbani, hata kijiko kimoja. Na nguo za kazi zinalala ku kazi. Nikifika asubuhi naoga na ndimu ndiyo naingia chumba cha kuonjea. Mule ndani hakuna sabuni ya kunukia, hakuna pafyumu, hakuna kitu. Amri ya patroni mwenyewe, Mzee Bader, tangu zamani."

"Nani angefurahi wewe usiende Mombasa?"

Gaspard alifikiri. "Ulizia afazali nani angelia," alisema. "Orodha itakuwa fupi."

"Sema."

"Elvire, tunaonja naye. Alisomea Ubelgiji, mi nilisomea mu shamba. Patroni alinichagua mi niongoze safari ya Mombasa, yeye anisaidie tu. Tangu siku ile ananisalimia kama mutu anayelipa faini."

"Nyumba yako ina mbwa?"

"Ina bibi yangu. Inatosha."

*

Hamimu alifika Kinama saa tano kasoro, juu ya baiskeli ya kukodi, maana Toyota ilikuwa imeenda kuoshwa. Kwenye kizuizi askari walimtazama akishuka, suruali imepandwa na vumbi mpaka magotini, mmoja akauliza kama PJ imefilisika. Hamimu akacheka nao. Kidogo.

Nusu ya mtaa ilikuwa kuta bila paa, nusu ilikuwa mabati mapya yanayong'aa, kila aliyerudi alijenga alipoweza. Nyumba ya Gaspard haikuhitaji kuelekezwa, pua ilitosha. Uani, juu ya mikeka, ndagala walikuwa wametandazwa kama vijiko vidogo vya fedha, na kati yao alikaa Mwanvua, mke wa Gaspard, mwanamke mnene mwenye macho makali, akiwachambua bila kuangalia mikono yake.

"Kaka Hamimu!" Alimjua, wote ni watoto wa Buyenzi, tofauti ni kwamba yeye alifuata mapenzi mpaka Kinama. "Umekuya na baiskeli? Yule kijana wa asubuhi alikuya na gari nzuri."

"Nimesikia, dada. Naomba kuona chumba."

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimoja, magunia mawili. Hamimu alitoa leso yake safi mfukoni, akaisukuma chini ya kitanda, kisha akatoka, akaketi kwenye kigoda mbele ya Mwanvua. Akakataa chai, akaomba Fanta, akapewa maji.

"Mfuko ulikuwa pale tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Uliuona?"

"Nilifagia, nikauona. Nikasema ni mambo ya kazi yake."

"Hukuuliza?"

"Mi siulizaki." Alitupa ndagala mmoja mbovu kwa kuku. "Ningeuliza, ningeanza na lingine."

"Lipi?"

Hapo Mwanvua akaacha kazi. Ilikuwa kama mtu amengojea miaka aulizwe. "Siku moja nilimupelekea chakula ku kazi. Nikawakuta, yeye na yule Elvire. Kumetulia, pua zinakaribia kugusana. Elvire anachota chai na kijiko, anavuta *fyuuu*, anatema mu ndoo. Bwana yangu anachota mu kikombe kile kile, *fyuuu*, anatema. Mu ndoo ile ile, kaka! Wanafunga macho. Mumoja anasema 'asali.' Mwingine anasema 'apana, ua la kahawa.' Wanatazamana, wanacheka." Aliinua kidole chenye magamba. "Miaka kumi na moja mi niko mu nyumba ya ule mwanaume. Hajaniita asali hata siku moja!"

Hamimu alikunywa maji haraka ili mdomo usimsaliti. "Ni kazi yao, dada. Ndivyo chai inavyoonjwa."

"Kutema mu ndoo moja ni kazi?"

"Ni kazi."

"Basi mi pia nataka ile kazi. Na wangeenda Mombasa, wao wawili, vile patroni amesema. Baharini! Mi nimebaki na ndagala."

"Sasa haendi. Saa tisa anaenda gerezani."

Mikono ya Mwanvua ilisimama juu ya mkeka. "Gerezani? Apana. Apana, kaka. Si alisema hatafungwa? Si alisema atanyimwa tu ile safari, abaki hapa nyumbani?"

"Nani alisema?"

Kuku walikula. Mwanvua alishika ndagala mmoja, akamkata kichwa, akamtupa, akashika mwingine, akamkata, na huyo hakuwa mbovu.

"Nani alikuambia, Mwanvua? Saa tisa si mbali."

"Ulikuwa pale wiki tatu," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua nusu.

Hamimu alirudi chumbani, akaivuta leso. Nusu saa tu chini ya kitanda kile, na ilikuwa imegeuka samaki. Aliikunja, akaiweka mfuko wa nje wa koti, mbali na mwili wake kadiri ilivyowezekana.

Njiani alipanga mambo. Mfuko haukulala pale wiki tatu, haukulala hata siku moja. Uliingizwa alfajiri, kabla kidogo ya Bonfils kuinama. Mwanvua aliuweka kwa mkono wake. Kuna mtu alimpa, akamdanganya kuhusu adhabu. Anayefaidika ni Elvire. Harufu tamu ya mfuko ni ya mwanamke mwenye hela. Ilipendeza, ilikaa sawa kabisa. Tatizo moja tu: Mwanvua asingepokea kutoka kwa Elvire hata maji ya kuzimia moto.

*

Chumba cha kuonjea cha Mzee Bader kilikuwa ghorofa ya kwanza, Rohero, juu ya duka lake. Meza ndefu, vikombe vyeupe vimepangwa kama askari wa gwaride, dirisha kubwa, ndoo ya kutemea. Kuta zote zilikuwa makopo ya chai, ya kila rangi, kutoka kila nchi inayochemsha maji.

Elvire alimpokea mlangoni. Mwanamke mrefu, koti jeupe, nywele zimefungwa. Hamimu alimpita karibu kwa makusudi, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Alinukia kama glasi ya maji.

"Unaninusa, Inspekta?"

"Samahani, madamu. Mafua."

"Mwenye mafua haruhusiwi humu," alisema, na akampisha.

Mzee Bader aliinuka kutoka kwenye kiti chake, mikono miwili mbele. Familia yake ilitoka Omani vizazi vitatu nyuma, na Kiswahili chake bado kilikuwa na chumvi ya pwani. Kanzu nyeupe, ndevu nyeupe, na jina lililojulikana mpaka Nairobi: Bader, ulimi wa dhahabu. Alimkumbatia Hamimu, na Hamimu akasimama kidogo zaidi ya adabu inavyotaka.

"Karibu, mwanangu. Kabla ya makaratasi, utakunywa nini?"

"Ami, mimi si mtu wa chai."

"Hakuna asiye mtu wa chai. Kuna asiyekutana na ya kwake tu." Mzee alitembea mbele ya makopo akiyagonga kwa kucha. "Mjapani anaisaga unga, anaipiga kwa kifagio cha mwanzi mpaka itoe povu. Watu wa Tibeti wanatia siagi na chumvi, wallahi, ni supu. Mrusi anakunywa na jamu. Mmoroko anamimina kutoka juu hivi, na asipomimina kutoka juu umetukanwa. Kule Ajentina wanavuta kwa mrija mmoja, kibuyu kinazunguka, usifute mrija, utawaudhi. Sisi Omani, maziwa na majani ya zatari. Zote nimeonja." Akachagua kopo la kijani. "Wewe mgeni, nakupa ya upole. Yasmini, ya China. Nusa ua hilo."

Alifungua kifuniko. Hamimu akanusa, na kichwa kikarudi nyuma chenyewe. Ilinuka moshi. Moshi wa mbao, wa mlango ulioungua, na watu wa Bujumbura wa miaka ile hawakuhitaji kufundishwa harufu hiyo.

"Umesikia?" Mzee alikuwa amefumba macho kwa raha. "Kama bustani baada ya mvua."

Hamimu alimtazama Elvire. Elvire alikuwa anapanga vijiko ambavyo vilishapangwa.

"Nzuri sana, Ami," alisema Hamimu taratibu. "Lakini tufanye kazi kwanza. Saa nane inakaribia."

Aliweka mfuko mezani, akatoa karatasi za PV. "Sheria inataka mwenye mali aitambue kwa utaalamu wake, ili wakili asije akasema si yenyewe. Ami utaionja, utasema, mimi nitaandika."

"Hilo tu?" Mzee akapandisha mikono ya kanzu. Alipima majani kwenye mizani ndogo, akatia ndani ya kikombe, akamimina maji, akafunika, akageuza saa ya mchanga. Mikono ilijua kazi yake. Kuitazama ilikuwa raha. Mchanga ulipoisha alichota kijiko, akavuta, *fyuuu*, akaizungusha kinywani, akatema.

"Andika. Ni yenyewe. Ua jeupe, asali changa, mwisho wake mtamu kama maji ya muwa."

"Kuna harufu ya kigeni? Kuna sehemu ya kujaza hapa."

"Hakuna. Safi kama ilivyotoka mlimani."

"'Hakuna harufu ya kigeni,'" Hamimu alirudia akiandika kwa herufi kubwa. "Sahihi hapa, Ami. Na hapa."

Mzee akatia sahihi, yenye mikia mirefu.

"Sasa shahidi wa pili. Madamu Elvire."

"Mimi?" Kijiko kilimponyoka. "Mzee ameshasema. Neno lake linatosha mpaka Mombasa."

"Linatosha Mombasa. PJ tunataka mawili."

Elvire hakusogea. Hamimu aliangalia saa, akaiweka mezani ili na yeye aione. "Saa nane na dakika kumi. Saa tisa lori linaondoka. Gaspard akiondoka nalo, wewe ndiye utakayeongoza safari ya Mombasa. Sikulazimishi. Onja tu, useme."

Elvire alichota. Akavuta. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hapo Hamimu akajua kwamba hakuna kilichomshangaza: aliijua tayari, kabla ya kuonja. Aliangalia dirisha, aliangalia koti la kazi la Gaspard lililoning'inia ukutani, koti ambalo tangu Gaspard achaguliwe lilimkera kila asubuhi. Akatema.

"Udi," alisema.

"Udi?" Mzee Bader alicheka. "Udi gani, binti yangu?"

"Chai hii imejaa udi, Mzee. Hata bila kuonja. Nimeusikia kuanzia pale mlangoni." Akaweka kijiko mezani. "Ni udi wa nguo zako. Unakuja nao kila siku, miaka miwili sasa. Gaspard alisema tusikuambie. Alisema utaona haya."

Mzee alinyanyua mkono wa kanzu yake puani. Alivuta pumzi ndefu. Akashusha mkono, akaunyanyua wa pili.

"Na yasmini ile?" aliuliza.

"Ni ya moshi. Tulipofuta makopo Jumatatu, vifuniko vilichanganyika. Tulidhani utatusuta."

Hamimu alitoa ile leso, akaiweka mezani. Elvire akajifunika pua. Mzee Bader akaitazama kama mtu anayetazama leso.

"Hii ilikaa chini ya kitanda cha Gaspard nusu saa, Ami. Mfuko wako unasemekana ulikaa wiki tatu, na hauna hata chembe ya ndagala. Mtu yeyote mwenye pua angejua kwamba hautafaa kumsingizia mume wa mwuza ndagala. Mtu yeyote mwenye pua asingeificha chai kwenye kabati linalofukizwa udi. Mwizi wangu ni mtu wa chai, ana udi mzuri, si ule wa sokoni, na hana pua. Watu wa namna hiyo mjini wako wangapi?"

Chini barabarani mtu alikuwa anauza mayai kwa kupiga kelele.

"Ilikuwa homa," alisema Mzee. "Ramadhani ya mwaka juzi. Niliamka, mke wangu Moza ameniletea chai, nikanywa maji ya moto. Nikamwambia amesahau majani. Hakusahau." Aliketi. "Nikasema itarudi. Miaka arobaini nimekula kwa pua hii. Nilijifunza kuangalia rangi, kusoma makopo, kusikiliza nyinyi wawili mnasema nini kwanza. Halafu huyu kijana analeta mfuko wake kutoka mlimani, anaufungua hapa, na kila anayeingia anashika moyo. Karani, dereva, mpaka yule wa kuleta mkaa. Mashallah, mashallah. Mimi nimesimama katikati yao kama kiti."

"Ukauchukua."

"Nikaupeleka nyumbani, nikauweka kati ya nguo zangu. Kila siku baada ya alasiri naufungua, naingiza uso wote. Nasema leo. Labda leo." Alitikisa kichwa. "Sikuwa na haja na kazi yake, mwanangu. Nilimwonea wivu wa pua. Mkewe alikuja hapa analia habari ya kijiko na ndoo. Nikamwambia weka huu chini ya kitanda, mumeo hatasafiri na mwanamke yeyote. Jana magharibi nikampelekea kwa mkono wangu, umefungwa nailoni tatu, akautoa alfajiri."

"Na gereza?"

Mzee alilifunika kopo la kijani, akalirudisha mahali pake.

*

Simu ya Mzee Bader ilikuwa ukutani. Saa nane na dakika ishirini na tano. Hamimu alizungusha namba ya PJ, akaomba mkuu. Mkuu yuko mkutanoni. Simu ikachukuliwa na mtu mwingine, na Hamimu akaitambua sauti kabla haijamaliza kusema alo.

"Bonfils. Lizuie lori. Gaspard si mwizi."

"Nani amesema?" Sauti ilikuwa tamu. "We umepewa PV ya utambuzi, shefu. Dosiye ya kesi ni ya kwangu. Imeshapigwa muhuri."

"Mfuko uliwekwa pale leo asubuhi. Nina sahihi ya Mzee Bader na nina ungamo."

"Yaani mi nilikosea. Ndiyo unataka wasome kesho ku ofisi nzima."

Ndiyo, ndicho hasa alichotaka. Tangu asubuhi alishaitunga kichwani, koridoni, mbele ya makarani walewale, neno kwa neno, hata mahali pa kupumzika ili wacheke. Aliishika simu. Elvire alikuwa anamwangalia. Mshale wa saa ulisogea.

"Bonfils, sikiliza," alisema, na kila neno lilitoka kama jino. "Wewe ndiye uliyeona kwamba mfuko haunuki ndagala. Wewe ulinituma kwa Bader kumtega. Andika hivyo. Mimi nitatia sahihi kama msaidizi."

"Msaidizi na *m* ndogo?"

"Ndogo kabisa."

"Nakuja na gari," alisema Bonfils kwa furaha. "Lori liko hapa mlangoni, nalirudisha."

Hivyo ndivyo Inspekta Hamimu alivyopanda Toyota nyeupe kwa mara ya kwanza: kiti cha nyuma, katikati, magoti kidevuni, Mzee Bader kushoto na Elvire kulia, mfuko wa chai mapajani. Redio ilifanya kazi vizuri sana.

Mwanvua alikuwa tayari uwanjani kwa PJ, sufuria ya wali imefungwa kitambaa kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Kinama. Gaspard alitolewa kasho, akapewa mkanda wake na viatu. Kabla mtu hajasema lolote, Mwanvua alishusha sufuria chini.

"Mi ndiye niliuweka," alisema kwa sauti ya sokoni, uwanja mzima ukageuka. "Mi mwenyewe, na mikono yangu. Sababu ya huyu." Kidole kikamwelekea Elvire. "Kaka Hamimu, nifunge. Lakini kwanza aseme mbele ya watu, huyu mwanamuke ni nani kwake."

Gaspard alimtazama mkewe, mdomo wazi. Alimtazama Elvire. Kisha macho yake yakaangukia mfuko uliokuwa mkononi mwa Hamimu, akauchukua bila kuomba, akapiga magoti palepale kwenye kokoto na kuufungua. Akaingiza uso wote.

Elvire alisema polepole, "Haifai tena, Gaspard. Mombasa wataikataa mlangoni. Hatuendi, si mimi si wewe."

Hakumsikia. Mabega yalianza kutikisika. Alitoa konzi moja ya machipukizi, akayanusa, akayarudisha, akanusa mengine ya chini zaidi, kama anatafuta moja lililopona. Mama yake aliyachuma haya, alisema kwa sauti iliyokatika, asubuhi ambazo risasi zilisikika kilima cha pili, mkono mmoja kwenye kikapu na mmoja tayari kukimbia. Alilia bila kujificha, mwanaume mzima, kati ya askari na mahabusu, na Bonfils mwenyewe akaacha kuzungusha ufunguo.

Mwanvua alisimama na sufuria miguuni. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake palikuwa na kitu kingine kinachotafuta pa kukaa. Alimsogelea Hamimu, akamvuta mkono wa koti.

"Unamuona, kaka?" alinong'ona. "Siku ya harusi nilijifukiza masaa matatu. Hakuninusa hivyo."